R, jamovi au PSPP: chagua kabla hujaanza sura ya matokeo

Karibu kila mwanafunzi wa Lubumbashi anayeandika TFC (kazi ya kuhitimu) au kazi ya masta hufika siku ambayo dodoso zimekwisha kujazwa, msimamizi anadai sura ya matokeo, na linabaki swali moja: namba hizi nitazichambulia wapi? Jibu linalozunguka ni SPSS iliyovunjwa kufuli, inayopita kwenye flashi kutoka mkono hadi mkono pamoja na virusi vyake. Mimi nasema iacheni. SPSS yenyewe ni programu nzuri. Ilianzishwa 1968 huko Stanford na ikanunuliwa na IBM mwaka 2009. Lakini leseni yake si ya mfuko wa mwanafunzi, na hakuna sababu ya kuingia kwenye taaluma kwa mlango wa wizi wakati kuna programu huria zinazotolewa bure kwa haki na zinazotosha kabisa kwa takwimu za msingi.

Nitalinganisha tatu: PSPP, jamovi na R. Nyingine nitazigusa kidogo. Ili usome ukijua nasimama wapi: mwenye muda mfupi achukue jamovi, mwenye kompyuta dhaifu achukue PSPP, na anayetaka uchambuzi wa data uwe kazi yake ya kesho ajifunze R, hata kama atakwenda polepole. Ninachopima kuliko vyote ni hiki: mbele ya jopo, utaweza kuonyesha njia uliyopita mpaka ukapata namba hiyo?

Jedwali kwanza

Wengi huilaumu programu kwa kosa lililo ndani ya jedwali. Chukua utafiti wa bei ya unga wa mahindi, ambao kila mwaka kuna mtu anaufanya, maana hapa bila bukari (ugali) hakuna mlo. Umeuliza wauzaji katika soko la Kenya (komini yetu, si nchi), Katuba na Ruashi. Mmoja amekutajia bei ya meka (chombo cha kupimia unga sokoni), mwingine ya mfuko wa kilo 25. Mmoja kasema kwa franga, mwingine kwa dola. Ukiyaandika yote katika safu moja ya «bei», hakuna programu duniani itakayokuokoa. Wastani utatoka, ndiyo, lakini utakuwa wastani wa kitu kisichokuwepo.

Fanya safu nne: kiasi cha fedha, sarafu, kipimo, na uzito wa kipimo hicho kwa kilo. Uzito wa meka upime mwenyewe kwa mizani katika kila soko, usiukisie. Safu ya tano, bei ya kilo moja kwa franga, ihesabiwe kutoka hizo nne kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha siku ya utafiti. Na ndani ya seli ya namba weka namba peke yake. Ukiandika «5 000 FC», programu inaona maneno na itakataa kuyajumlisha.

Kuna mtego mwingine unaotuhusu sisi tuliosoma kwa Kifaransa. Excel na LibreOffice zilizowekwa kwa Kifaransa huandika desimali kwa mkato: 3,5. Ukihifadhi faili kama CSV (jedwali la maandishi matupu), Excel hiyo hutenganisha safu kwa nukta-mkato; kwenye LibreOffice kitenganishi unakichagua mwenyewe, basi chagua nukta-mkato hiyohiyo. R kwa kawaida inategemea nukta, yaani 3.5, na mkato kati ya safu. Ndiyo maana wanafunzi wengi hufungua faili yao kwa mara ya kwanza na kukuta safu zote zimeshikana kuwa moja. Dawa yake ni kutumia amri ya read.csv2 badala ya read.csv, iliwekwa kwa ajili ya faili za namna hiyo. Katika PSPP unaandika SET DECIMAL=COMMA.

Kazi hii ya kusafisha ifanye kwenye LibreOffice Calc, ambayo nayo ni huria. Calc ina hata menyu ya takwimu chini ya «Data»: wastani, urejeo (kukadiria kitu kimoja kutoka kingine), ANOVA (kulinganisha wastani wa makundi matatu au zaidi), jaribio la t (kulinganisha wastani wa makundi mawili). Kwa zoezi la darasani inatosha. Kwa TFC siishauri, kwa kuwa matokeo yanamwagika kwenye seli bila maelezo ya kutosha, na baada ya mwezi utashindwa kujua jedwali lipi lilitoka kwenye data ipi.

PSPP: kwa aliyezoea SPSS na mwenye kompyuta ya zamani

PSPP ni ya mradi wa GNU na iliandikwa makusudi ishike nafasi ya SPSS. Dirisha lake lina kurasa mbili zilezile, moja ya data na moja ya vigeu (vile vitu unavyovipima). Inafungua faili za data za SPSS (.sav), inaelewa faili zake za amri (.sps), na menyu zake zinapatikana kwa Kifaransa. Kama msimamizi wako alijifunza SPSS na anakuelekeza kwa maneno ya «bonyeza hapa, kisha pale», PSPP ndiyo itakayomfuata kwa karibu zaidi. Haina tarehe ya kuisha wala kikomo cha idadi ya watu unaowachambua.

Ni nyepesi kuliko zote tatu. Kwa kompyuta ya mtumba yenye kumbukumbu ndogo, hilo linaweza kumaliza mjadala.

Ndani yake utakuta majedwali ya marudio, majedwali mseto yenye χ² (jaribio la kuona kama makundi yanatofautiana kwa majibu yao), jaribio la t, ANOVA ya njia moja, urejeo wa mstari na wa lojisti, alfa ya Cronbach (kipimo cha kama maswali ya dodoso yanakwenda pamoja), na majaribio kadhaa yasiyotegemea mgawanyo wa kawaida. Inapopungukiwa ni kwenye michoro, ambayo ni michache na haipendezi, na kwenye modeli za juu kama zile za data zenye ngazi. Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba haisomi .xlsx moja kwa moja. Hifadhi jedwali lako kama .ods au .csv kwanza. Nimeona watu wakiiacha PSPP siku ya kwanza kwa sababu hiyo tu.

Ukiitumia, zoea kitufe cha «Coller». Badala ya kutekeleza uchambuzi papo hapo, kinaandika amri zake kwenye dirisha la sintaksi. Hifadhi dirisha hilo. Ndiyo njia yako, na ndiyo utakayomwonyesha msimamizi akikuuliza umefanya nini hasa.

jamovi: kwa mwenye muda mfupi

jamovi ilitoka 2017, ikiongozwa na Jonathon Love, Damian Dropmann na Ravi Selker, ambao kabla ya hapo walifanya kazi kwenye JASP. Chini yake kuna R inayofanya hesabu, lakini wewe unaona jedwali upande mmoja na matokeo upande mwingine. Unachagua jaribio, unaburuta vigeu, na matokeo yanajiandika. Ukirekebisha namba moja kwenye jedwali, kila kitu kinahesabiwa upya palepale. Inafungua .xlsx, .ods, .csv na .sav, hivyo data za Kobo (programu ya kukusanyia dodoso kwa simu) zinaingia bila taabu. Lugha unaweza kuiweka Kifaransa kwenye mipangilio.

Kinachonifanya niipende kwa anayeanza ni kwamba haimwachi peke yake. Ndani ya kila uchambuzi kuna visanduku vya kukagua masharti: je, data zinafuata mgawanyo wa kawaida, je, mtawanyiko wa makundi unalingana. Viko palepale unapochagua jaribio, huhitaji kuvitafuta kwenye menyu nyingine. Mwanafunzi anaviona, anauliza ni vya nini, na hapo somo la kweli linaanza. Pia inaweka data, uchambuzi na matokeo katika faili moja ya .omv. Mpe msimamizi faili hiyo, na akibonyeza jedwali lolote ataona ulichagua nini.

Upande wa udhaifu: faili ya kusakinisha ni mega mia kadhaa, inataka kompyuta yenye nguvu kiasi, na ikipewa jedwali kubwa sana inaanza kuchoka. Kwa dodoso za watu mia tatu au elfu moja hutaona shida. Ipo pia jamovi ya kutumia kwenye kivinjari bila kusakinisha kitu, ila inakufunga kwenye intaneti, na kwa bei za mega za hapa siwezi kumshauri mtu aitegemee.

JASP, ile iliyotangulia, inatoka Chuo Kikuu cha Amsterdam na inafanana na jamovi kwa sura. Nguvu yake ya pekee ni takwimu za Bayes, zinazoanza na makisio ya awali na kuyasahihisha kwa data. Kama msimamizi wako hajawahi kukutajia Bayes, baki na jamovi.

R: kwa anayetaka kwenda mbali

R iliandikwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Leo ghala lake la CRAN lina vifurushi vya nyongeza zaidi ya 20 000: vya afya ya jamii, kilimo, ramani, uchumi, jenetiki. Hakuna menyu. Unaandika amri:

bei <- read.csv2("unga.csv")
t.test(kilo ~ soko, data = bei)

Mistari miwili. Wa kwanza unasoma faili, wa pili unalinganisha wastani wa bei ya kilo kati ya masoko mawili (yakiwa matatu, t.test itakataa, nawe utakwenda kwenye ANOVA). Ukiandika «Kilo» badala ya «kilo», inagoma, kwa sababu kwake herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili. Hayo ndiyo mateso ya mwanzo. Yanakatisha tamaa kweli, na anayekuambia R ni rahisi tangu siku ya kwanza hakutendei haki.

Lakini angalia unachopata. Skripti yako ni faili ya maandishi yenye amri zako zote, ndogo kiasi kwamba inatumwa WhatsApp kwa mega kidogo kabisa. Kompyuta ikiibwa au umeme ukikatika katikati ya kazi, ukiwa na skripti na data unarudisha kila jedwali na kila mchoro kwa dakika chache. Msimamizi akisema «ondoa dodoso za wale wasiomaliza kujibu, kisha rudia yote», unaongeza mstari mmoja na kutekeleza upya. Kwa menyu zisizohifadhi amri, asiye na skripti angebonyeza usiku kucha.

Kuhusu intaneti, watu wanaiogopa R bila sababu. Faili yake ya Windows haifiki mega 100, na ndani yake tayari kuna wastani, t, χ², ANOVA, urejeo, michoro, pamoja na data za mazoezi na msaada wote. Andika ?t.test na maelezo yanafunguka bila mtandao. RStudio, dirisha linaloifanya R ikalike vizuri, ndiyo nzito zaidi. Pakua siku utakapopata wifi. Vifurushi vya nyongeza vinaweza kupakuliwa na mmoja wenu kama faili za .zip na kusambazwa kwenye flashi, ila kumbukeni kuchukua pia vile vinavyotegemewa na hicho mnachokitaka. Kugawana hivi ni halali kabisa, leseni inaruhusu. Mwenye Windows ya biti 32 ajue kwamba R iliacha kuihudumia kuanzia toleo la 4.2.0 la mwaka 2022. Kwake la mwisho ni 4.1.3.

Kati ya menyu na amri kuna daraja moja linalosahaulika: R Commander ya John Fox, kifurushi cha R kinacholeta menyu, kwa Kifaransa pia, na kila unapobonyeza kinakuonyesha amri iliyotekelezwa. Sura yake ni ya zamani, lakini kwa kufundishia bado ni kizuri.

Python nayo huulizwa sana. Ni lugha bora, na anayelenga kujenga programu au akili bandia aichukue. Kwa χ² na t za TFC, barabara yake ni ndefu kuliko ya R bila faida ya ziada.

Data zilezile, majibu mawili

Hapa ndipo ulinganisho unapouma. Tuseme umeuliza kaya 40 za Katuba na 40 za Ruashi kama zinatibu maji ya kunywa. Katuba 25 wamesema ndiyo na 15 hapana. Ruashi 16 ndiyo na 24 hapana. (Ni namba za mfano, usizinukuu.) Unataka kujua kama tofauti hiyo ni zaidi ya bahati ya sampuli, kwa hiyo unafanya jaribio la χ².

jamovi itakuonyesha χ² ya 4,05 na p (uwezekano wa kupata pengo kubwa hivyo au zaidi kama kweli hakuna tofauti) ya 0,044. PSPP, katika mstari wa kwanza, vilevile. Sasa andika katika R:

chisq.test(matrix(c(25, 16, 15, 24), nrow = 2))

R inatoa χ² ya 3,20 na p ya 0,074.

Kwa kizingiti cha 0,05 tulichozoea, wawili wanasema tofauti ipo, mmoja anasema ushahidi hautoshi. Mwanafunzi akikutana na hali hii wiki ya utetezi anaona dunia imepinduka. Hakuna aliyekosea. Kwa majedwali ya mbili kwa mbili, R huweka yenyewe sahihisho la Yates, linaloshusha χ² kidogo ili kuwa na tahadhari. Ukiongeza correct = FALSE ndani ya amri, utapata 4,05 kama wengine. PSPP inaandika sahihisho hilo katika mstari wake peke yake chini ya ule wa kwanza, na jamovi inalo kama kisanduku cha kutia alama.

Jaribio la t lina kisa kama hicho. R, usipoiambia kitu, inafanya la Welch, lisilodai mtawanyiko wa makundi mawili uwe sawa. jamovi inaanza na la Student, na la Welch unalitia alama mwenyewe. PSPP inaandika yote mawili, mstari juu ya mstari, na kukuachia uchague. Ushauri wangu ni kutumia la Welch daima, hasa kwa bei za sokoni ambapo soko moja lina bei zilizotulia na jingine zinarukaruka. Robo pia, zile za kwanza na za tatu, hutofautiana kidogo kati ya R na PSPP kwa sababu kanuni ya kuzikadiria si moja.

Kwa hiyo katika sura ya mbinu usiishie kwenye «data zilichambuliwa kwa R». Andika programu, toleo lake, jina kamili la jaribio, na kama sahihisho limetumika au la. Na uamue kabla ya kuona p, si baada. Anayejaribu programu tatu kisha kuchukua ile iliyompa chini ya 0,05 anaidanganya kazi yake, hata kama kila namba aliyoandika ni ya kweli. Kwa mfano wetu wa maji, mimi ningeweka mezani asilimia zenyewe, 62,5 kwa 40, pamoja na mipaka ya uhakika ya tofauti hiyo (kutoka namba ipi hadi ipi pengo la kweli huenda liko), kisha p. Anayepanga kuchimba visima anahitaji kujua pengo ni kubwa kiasi gani. Nyota tatu za p ndogo pembeni mwa jedwali hazimwambii hilo.

Nani achukue ipi

Kama utetezi uko karibu na hujawahi kuchambua chochote, sakinisha jamovi leo. Usianze R sasa hivi; utapoteza muda kwenye mabano na mikato wakati sura ya matokeo inakusubiri. Kama kompyuta yako inalia ukifungua hata kivinjari, PSPP. Kama mnatumia kompyuta moja watu kadhaa, PSPP au R, kwa kuwa faili za amri ni ndogo na kila mmoja anaondoka na yake.

Walio mwaka wa kwanza au wa pili, na wale wa afya ya jamii, agronomia na uchumi wanaoota kazi ya ufuatiliaji na tathmini kwenye mashirika, hao nawasihi waanze R mapema, saa moja moja, wakiwa bado hawana presha. Data za Kobo hufika upya kila wiki zikiwa na muundo uleule. Mwenye skripti anabadilisha jina la faili na kutekeleza.

Na ukianza na jamovi, mlango wa R haufungwi. Bonyeza nukta tatu juu kulia, washa hali ya sintaksi, na juu ya kila jedwali itatokea amri ya R iliyolizalisha, inayotumia kifurushi cha jmv. Sakinisha jmv ndani ya R, ingiza data zilezile, bandika amri hiyo, utapata jedwali lilelile. Kisha fanya uchambuzi huo tena kwa t.test na chisq.test za R yenyewe, na kila namba inayotofautiana itafutie sababu kabla ya kuendelea na inayofuata.